Unga Uliosagwa Mara Mbili

4 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya Bibi umpelekee jikoni kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, utasahau.

Huku hatujambo. Mama mdogo ninayekaa naye anawasalimu. Mtoto wake ameota jino la kwanza na amelijaribu kwenye kidole changu. Mama alipita wiki iliyopita, akasema nimekonda, kisha akala chakula changu.

Babu, nimepata kazi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe husikii na mimi sisemi, tukipigiana ni watu wawili wanaonyamaziana tu.

Ni kiwanda cha dawa. Nimewekwa maabara, chumba cha mwisho, karibu na dirisha lisilofunguka. Kazi yangu ni kutazama unga. Usicheke! Mjukuu wa msagishaji kamaliza shule ili akatazame unga. Naweka kidogo sana juu ya kioo, nakiingiza chini ya hadubini, na kwenye skrini chembe zinaonekana kubwa kama punje za mchele. Napima urefu na upana wa chembe mia tatu, naandika kwenye daftari, natia saini. Kila toleo la dawa, yaani dawa ya mkupuo mmoja, lina namba yake, na kando ya namba kuna saini ya aliyepima. Hilo linanifanya nipime mara mbili.

Mkuu wa maabara ni mama mmoja mfupi. Wanamwita Miwani kwa sababu ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutafutia ile ya kwanza. Yeye ananiita Kimya. Wiki ya kwanza aliniuliza swali mbele za watu, nikamwandikia jibu kwenye karatasi. Watu walicheka. Yeye aliisoma yote, akasema, "Jibu ni sahihi. Kesho nitaomba na sauti yake."

Sasa jambo lenyewe. Unga ninaoupima ni dawa ya pumu. Ni hiyohiyo yako, ya kapsuli unazotia kwenye ile filimbi yako na kuvuta. Nilipoona boksi nilitaka kupiga kelele, nikazipiga moyoni. Kifua kinaendeleaje? Niambie ukweli.

Mjukuu wako.

29 Machi

Kifaranga wangu,

Marahaba. Bibi yako naye anasema marahaba. Nilimpelekea salamu jikoni kama ulivyoamuru, nikarudi na kazi ya kumenya viazi. Siku nyingine salamu zake mtumie mwenyewe.

Tuko salama. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Mkanda wa mashine umekatika mara mbili mwezi huu na mara mbili nimeuunga. Hongera ya kazi. Nilimwambia kila aliyekuja kusaga, hata waliokuja kuuliza njia.

Ila kuhusu huo unga wenu tuseme ukweli, maana sisi ni watu wa fani moja. Nimesaga miaka arobaini na mmoja. Nifumbe macho, niletee unga, nitakwambia mashine ilikuwa na nyundo mpya au butu, na kama msagishaji alikuwa na njaa. Nilifungua kapsuli moja nikaimwaga kiganjani, nikasugua kwa kidole. Una chenga, mwanangu! Unga wa kuingia kifuani mwa mtu mzima, una chenga! Mimi mteja angenirudishia na gunia lake. Mwambie huyo Miwani avae zote mbili.

Lakini usiwe na wasiwasi. Fundi haachi kazi mbovu ipite mkononi mwake. Mengine tuyaache.

Kifua hakijambo.

Babu yako.

Mimi Bibi. Naandika hapa pembeni maana kaacha nafasi. Babu yako anapumzika mara tatu kutoka mlango wetu mpaka kwenye mashine. Zamani alikuwa anapumzika akishafika. Halafu vijiko vyangu viwili vya chai havionekani tangu mwezi wa pili. Kama ni mama yako alivichukua alipokuja, avirudishe.

13 Aprili

Babu,

Shikamoo. Bibi shikamoo, hii ni yako mwenyewe.

Mama anasema hajagusa kijiko cha mtu, na amenuna kidogo. Mtoto wa mama mdogo ana meno mawili sasa.

Mara tatu, Babu? Mbona hukuniambia? Najua utasema Bibi anatia chumvi. Bibi hajawahi kutia chumvi, hata kwenye mboga, wewe mwenyewe huwa unalalamika.

Kuhusu chenga nilimuuliza Miwani, kwa karatasi. Akavuta kiti akanieleza mpaka saa ya chakula ikapita. Unachokisikia kidoleni si chembe moja, ni maelfu yameegemeana. Ukivuta kwa nguvu, upepo unayatawanya, kila moja inakwenda peke yake. Sasa njia ya kwenda kifuani ina kona, ya kwanza ni hapo kooni. Chembe nene haiwezi kukata kona, inagonga ukuta na kubaki, unaimeza na mate. Iliyo nyembamba inapita.

Na umbo ndilo linalonishangaza. Zetu ni ndefu, kama vipande vya nyasi. Rusha punje ya hindi kwenye upepo, inaanguka miguuni pako. Rusha jani la nyasi, linajilaza na upepo na kwenda nao. Kinachoamua zaidi ni unene wake, si urefu. Ngozi yake pia ina mikunjo, kwa hiyo zikikutana zinagusana kwa ncha tu na kuachana upesi. Vioo viwili vilivyo bapa vikilaliana, utaviachanisha? Ndiyo maana napima mia tatu kila siku. Nikikosea mimi, dawa inaishia kooni kwa watu.

Nenda kamwone muuguzi wa zahanati, Babu, tafadhali. Mwonyeshe unavyovuta. Inatakiwa iwe kwa nguvu na kwa kina, na usipulizie ndani ya filimbi, maana utaingiza unyevu. Halafu nitumie namba iliyo kwenye boksi, na kapsuli mbili.

Mjukuu wako.

22 Mei

Kifaranga,

Barua yako ilikaa posta. Au mimi nilikaa nayo. Vyote viwili.

Wale mbuzi pacha wamekua, mmoja amekula kamba ya kufungia magunia na bado anaishi. Kijana wa jirani ananisaidia kumwaga mahindi kwenye pipa la juu la mashine. Si kwamba mimi siwezi zile ngazi nne. Ni kwamba kijana anapenda kupanda.

Napumzika njiani kwa sababu nasalimiana na watu. Ningepita bila kusalimu, ungesikia Babu yako ana kiburi.

Nilicheka kuhusu nyasi. Unga mrefu! Basi na mimi nisage mahindi yatoke kama tambi. Lakini nimekusikia.

Nikwambie tu, dawa yenu inabaki kwenye ganda. Navuta mpaka macho yanatoka, nikifungua kapsuli naikuta imejibanza pembeni kama unga kwenye kona za gunia. Zamani ilikuwa inatoka yote. Labda huko kwenu mmebadilisha kitu. Kapsuli hizi mbili nimezitia kwenye kibiriti, nimezitoa kwenye boksi lenyewe. Namba ya boksi inaishia na kumi na saba.

Zahanati nitakwenda mvua ikipungua.

Babu.

Mvua ilikwisha wiki mbili zilizopita. Bibi.

6 Juni

Babu yangu,

Shikamoo nyote wawili. Leo sina habari za meno.

Kibiriti kilifika salama. Nilisubiri watu watoke kwenda kula, nikaweka unga wako chini ya hadubini. Babu, hapakuwa na nyasi. Hapakuwa na hata chembe moja ndefu. Vipande tu, bapa, vimelaliana kama magamba ya samaki.

Nikafungua daftari. Toleo la kumi na saba lina saini yangu. Nimelipima mimi, mwezi wangu wa kwanza.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sikula vizuri. Nikawa nafikiria kama toleo lote liko hivyo, basi kuna watu wengi wanaopumzika njiani mara tatu, na sababu ni mimi. Siku ya tatu nikaandika karatasi, nikaenda kusimama mbele ya meza ya Miwani. Akanyoosha mkono kuipokea, halafu akaurudisha.

"Leo nataka sauti."

"Toleo la kumi na saba," nikasema. "Nadhani nimelipima vibaya."

"Nani kasema?"

"Kifua cha babu yangu."

Alivua miwani. Hakunigombeza. Alipiga simu ghalani, akasema boksi zote za kumi na saba zilizobaki zisitoke. Fundi mitambo akaja mbio. "Mama, gari liko mlangoni, limeshapakiwa nusu!"

"Basi lishushwe nusu."

Kila toleo huwa tunaweka sampuli kabatini. Wakazitoa, watu watatu wakapima, kila mmoja peke yake. Mimi nilikaa kwenye stuli na mikono chini ya mapaja. Saa sita wakaleta hesabu zao. Ndefu. Zote ndefu. Sawasawa na nilivyoandika.

Miwani akachukua kapsuli yako ambayo sikuifungua. Akaigeuzageuza kwenye taa.

"Kimya, njoo. Tazama hapa ukingoni. Mashine yetu inaifunga mara moja tu, inaacha mstari mmoja. Hii ina miwili, na alama ya ukucha. Imefunguliwa ikafungwa tena." Akaweka unga wake chini ya hadubini, akatazama sana. "Na hizi hazikuvunjika zenyewe. Zimesagwa." Akanigeukia. "Babu yako anafanya kazi gani?"

Babu, nilitamani sakafu inimeze.

"Ana mashine ya kusaga nafaka."

Miwani akaiweka kapsuli mezani. Halafu fundi mitambo akasema, "Jamani, tumepata mshindani!" na hapo wote wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama unachukua mahindi pia au siku hizi ni dawa tu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, akasema gari limeshushwa kwa ajili ya mzee mmoja na umahiri wake.

Mimi nililia. Miwani akanitoa nje, tukasimama pale kwenye bomba la kunawia. Nikamwambia samahani kwa kusumbua kiwanda kizima. Akasema, "Ungekaa na ile karatasi mfukoni, ningekurudisha kwenu. Nawa uso, turudi kazini."

Babu, sikushtaki. Nauliza tu, kwa heshima zote za mjukuu.

Vijiko vya Bibi viko wapi?

2 Julai

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama mdogo anasema posta, lakini mimi nakujua.

Sikuandika ile barua ili uone aibu. Kama ni aibu, kubwa niliipata mimi, na imeshapita. Fundi mitambo sasa akiniona anasema, "Habari za kinu?" nami nimejifunza kumjibu, "Kinazunguka." Siku hizi namjibu kwa sauti.

Ninachotaka ni mstari mmoja tu, kwamba umekwenda zahanati ukachukua boksi jipya, na hulifungui. Sitauliza kitu kingine.

Kifaranga.

19 Julai

Kifaranga wangu,

Viko nyuma ya pipa la mafuta, kwenye kibanda cha mashine, vimefungwa kwenye kitambaa safi.

Nilichelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na uongo ndani yake, na wewe umekuwa mtu wa kutazama vitu vidogo.

Ilianza hivi. Mwezi wa pili niliona ule unga una chenga, nikasema hawa vijana wa kiwandani hawajui kazi, ngoja niwasaidie. Nikamwaga kapsuli kwenye kijiko, nikasaga kwa mgongo wa kijiko kingine, taratibu, mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Nikaurudisha. Nilifurahi sana siku ile. Wiki mbili baadaye kifua kikaanza kubana. Nikasema, kumbe bado una chenga, ongeza. Kadiri kilivyobana ndivyo nilivyosaga. Kapsuli ulizopata nilikutumia hivyo kwa sababu sikuwa na nyingine, boksi zima nilishalimaliza kwa vijiko. Nilijiambia hadubini haitajua mkono wa fundi.

Unajua kinachonichoma? Nilikuwa najua. Miaka arobaini na mmoja nimewaambia watu, unga ukiurudisha kwenye mashine mara ya pili unakuwa laini, ndiyo, lakini hautembei. Unashika kuta, unaganda kwenye mdomo wa mashine mpaka upige kwa fimbo. Mteja akiniomba nirudie, namkatalia. Ila sikufikiri kifua changu nacho kina mdomo na kuta.

Na lile la kijana wa jirani. Hapendi kupanda. Mimi ndiye niliyeshindwa ngazi. Ngazi nne, Kifaranga. Nilisimama ya pili nikiwa na debe begani, na mbele ya wateja nikajifanya nakagua paa. Usingeniuliza kuhusu vijiko, ningekagua paa hilo mpaka leo.

Nimekwenda zahanati, Bibi yako akiwa nyuma yangu kama askari. Nikamweleza muuguzi yote. Alinitazama, akaniuliza, "Mzee, umesaga?" Nikasema nimesaga. Akatoka nje kidogo. Nilimsikia akicheka huko koridoni. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu kabisa, muuguzi mzuri yule. Amenipa boksi jipya, akanifanya nivute mbele yake. Alisema navuta kwa adabu mno, kama mtu anayekunywa chai ya moto ugenini. Nivute kama mtu aliyeibiwa. Nikavuta, kapsuli ikazunguka ndani ya filimbi ikalia kama nyuki, na nilipofungua ganda lilikuwa tupu. Halina hata vumbi!

Ni wiki ya pili sasa. Mwambie Miwani wako msagishaji anaomba radhi kwa gari lililoshushwa. Na unga wake hauna chenga.

Babu.

9 Agosti

Babu yangu,

Shikamoo, na shikamoo Bibi.

Barua yako nimeisoma mara sita, mara moja kwa sauti mbele ya mama mdogo, ambaye alicheka mpaka mtoto akaamka. Meno ni manne.

Pale uliposema unga uliosagwa mara mbili hautembei, nilimwonyesha Miwani. Ameinakili sentensi hiyo akaibandika ukutani juu ya hadubini. Anasema alisoma miaka mingi kuelewa jambo hilo, na kumbe angekuja kukaa nawe kibandani asubuhi moja.

Sasa nikupe habari yangu. Jumatatu tulikuwa na mkutano wa karatasi ya maelezo inayowekwa ndani ya boksi, wanaichapisha upya. Walikuwepo watu kumi na wawili, na wawili wana tai. Miwani akasema, "Kimya ana jambo." Sikuwa nimemwambia nina jambo! Lakini nilikuwa nalo, na yeye alijua. Nikasimama. Karatasi ilikuwa mfukoni, sikuitoa.

Nikasema naomba kuongezwe mstari mmoja. "Usifungue kapsuli kabla ya kutumia, wala usiusage unga wake, hata ukiona una chenga."

Fundi mitambo akasema, "Lakini Kimya, kwa haki ya Mungu, nani mwingine duniani atasaga dawa ya pumu?"

Nikamjibu, "Kila mtu ana babu."

Hawakucheka, Babu. Yule wa tai ndefu akasema baba yake alikuwa anatia sukari kwenye dawa ya kikohozi akiikoroga kwa kalamu. Mwingine akasema nyanya yake alikuwa anazimeza kapsuli kama hizi kwa maji. Mkutano ukawa wa kusimulia wazee mpaka chai ikapoa. Mstari umepita. Umo kwenye karatasi, wa sita kutoka juu. Karatasi yenyewe nimeiambatanisha hapa.

Sasa niambie kuhusu ngazi. Ukweli tu.

Kifaranga.

30 Agosti

Kifaranga wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mbuzi hawajambo. Karatasi yenu nimeipigilia msumari mlangoni mwa mashine, wateja wanasoma mstari wa sita na kuniuliza ni nani huyo aliyekuwa anasaga dawa. Nawaambia dunia ina watu wa ajabu.

Ulitaka ukweli kuhusu ngazi. Barua hii naiandikia huku juu ya ngazi, nimekaa ukingoni karibu na pipa, miguu inaning'inia. Debe nimelipandisha mwenyewe. Kijana wa jirani amekaa chini kwenye gunia, anakula karanga na ananitazama kwa wivu. Mashine imezimwa ili niweze kuandika. Wateja watatu wanasubiri nimalize, na mmoja ameanza kunung'unika, lakini nimemwambia mjukuu wangu kwanza.

Huku juu kuna kijidirisha nilichokisahau. Kumbe kinaonyesha nyumba yetu. Namwona Bibi yako uani, amesimama, mkono kiunoni, anahesabu.

Babu.

Nilihesabu ndiyo. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine hakusimama hata mara moja, na watu aliwasalimia wote. Vijiko nimevipata. Kimoja kimepinda. Mwambie mama yako asinune tena. Bibi.